Yah: Meli ya Mpingo na Tezi Yake Isiyochongwa

Makote,
Newala.

Kwa Marehemu Mjomba Issa, Baba Somoe,
Chilangala.

Mjomba,

Shikamoo.

Kwa heshima na unyenyekevu, mimi mpwa wako Hamisi, mtoto wa dada yako Asha, naomba kuwasilisha mbele yako barua hii. Madhumuni yake ni mawili. Kwanza, kukuarifu yaliyotokea tangu ulipotutoka. Pili, kuomba uamuzi wako juu ya meli uliyokuwa ukiichonga, ambayo upande wa mbele ni meli kamili na upande wa nyuma, yaani tezi, bado ni gogo.

Nilipoandika neno "Shikamoo" nilisimamisha kalamu. Nilikuwa nasubiri, "Marahaba, Bwana Karani." Nilisubiri kupita kiasi kinachostahili kwa mtu mzima. Basi niendelee.

Habari za huku ni kama ifuatavyo. Mkeo, Mama Somoe, amemaliza eda na afya yake si mbaya, ila kila asubuhi anapika uji wa kukutosha na wewe, kisha anaugawa kwa majirani kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Mikorosho imechanua. Ile ya upande wa barabarani iliingiwa na ugonjwa wa ubwiri, tukaipulizia salfa. Maji ya bomba yanakuja siku yanapotaka yenyewe. Juzi yalipokatika, jirani yako Bi Sharifa alisimama na ndoo yake tupu akasema, "Angekuwepo Baba Somoe, saa hizi angeshakwenda kuisikiliza pampu." Nikampokea ndoo, mimi ambaye watu huniletea shida zao pale Newala niwaandikie barua zenye majibu.

Sasa niingie katika suala lenyewe. Nitaeleza habari za meli hii ingawa wewe ndiye uliyenifundisha, kwa kuwa mwombaji hana budi kuonyesha kwamba anakielewa kitu anachokiombea.

Ulipokuwa kijana ulipelekwa kusomea mitambo katika mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, zama za Umoja wa Kisovieti. Siku moja walimu wenu waliwapandisha katika manowari moja kubwa ya kuwinda nyambizi. Jina lake, ulituambia, kwa lugha yao lina maana ya Mwerevu. Ulirudi nyumbani, ukafanya kazi ya mitambo ya maji maisha yako yote katika uwanda huu wa juu ambako mama zetu waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Lakini Mwerevu hukumshusha moyoni. Ulikuwa ukimtaja kama mtu aliyewahi kukukaribisha chakula.

Ulinieleza umbo lake mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kumchora nikiwa nimefumba macho. Mwembamba, mrefu, mwenye pua kali. Mzinga mmoja omoni, mbele, na mwingine tezini. Milingoti kama minara, iliyobeba rada. Dohani nne, mbili mbili, zimelala nyuma kidogo kama mtu anayekimbia na upepo unamrudisha. Kati ya hizo, mirija ya kurushia topido, na mitambo ya kutupa mabomu mbele ya meli ili yazame na kulipukia chini. Nyuma kabisa walimwekea helikopta uwanja mdogo bila kibanda. "Walimpa pa kutua," ulisema, "hawakumpa pa kulala. Kama mgeni wa mchana."

Lakini kilichokuteka ni injini. Manowari za zamani zilichemsha maji kwanza zipate mvuke, na baharia alisubiri. Huyu alikuwa na turbini za gesi, ndugu wa injini za ndege, na ulituhakikishia kwamba kabla yake na ndugu zake hakuna taifa lililothubutu kuisukuma meli kubwa namna ile kwa turbini peke yake. "Wengine walikuwa wapika chai," ulisema. "Huyu unamwasha kama pikipiki." Na alipowashwa aliimba. Uliiga sauti ile kwa kinywa chako, nyembamba, inapanda, inapanda, mpaka kuku wa Mama Somoe wakatawanyika.

Nilikuuliza siku moja kwa nini meli yenye silaha nyingi hivyo iitwe ya kuwinda nyambizi badala ya kuitwa ya kupigana tu. Ukaweka tindo chini. Ukaniambia kwamba chini ya maji, mahali pasipoonekana, kulikuwa na chombo cha kusikilizia, na kwamba kwa ajili ya chombo hicho vingine vyote vilipangwa mahali pake. "Kazi yake ya kwanza si kupiga, Karani. Ni kusikiliza. Anayepiga kabla ya kusikia anaua samaki." Tangu siku ile, Mjomba, mtu akija kwangu kuandikiwa malalamiko, simwulizi anataka niandike nini. Namwacha aseme mpaka anyamaze, kisha namwacha aseme tena. Mara nyingi shida yenyewe huja mara ya pili.

Jambo la pili ulilonifundisha ni hili: meli si ghala. Ukiongeza kitu, utoe kingine, la sivyo italala ubavu. Waliomchora walijua hivyo. Walitaka mwendo, wakapunguza unene. Walitaka silaha, wakabana vyumba vya mabaharia. Naomba uukumbuke msingi huo, maana nitaurudia hapa chini.

Gogo la mpingo ulilipata Masasi, kwa mtani wako Mzee Barnaba. Nawe unajua kwamba Mmakua hampi Mmakonde kitu bila kumtukana kwanza. Ulianza omoni ukielekea nyuma. Mchana ukishatoka msikitini ulikaa barazani, mimi nikishika gogo, wewe ukichonga, Mama Somoe akisema kwamba nyumba nzima imejaa vumbi jeusi kama ya mchoma mkaa. Mimi ndiye niliyepiga msasa dohani zote nne. Nayasema haya si kwa kudai, bali kwa kumbukumbu sahihi.

Ulifika katikati ya meli ndipo binti yako Somoe alipokuja likizo kutoka upande wa Chidya anakofundisha. Alikuwa ameitafuta meli yako kwenye simu. Akakupa, akasema, "Baba, ndiyo hii?"

Ulivaa miwani. Ukaangalia kwa muda. Picha zilikuwa za uzeeni mwake. Ndugu zake wote walikwisha kuvunjwa wakawa chuma chakavu. Katika picha hizo yeye alikuwa bado kazini, amepakwa rangi mpya. Somoe alikusomea maelezo yake: kwamba alikwenda Bahari ya Kati akifuata nyambizi za mataifa mengine, kwamba nchi iliyomjenga ilivunjika, na meli nyingi zikaachwa gatini bila mafuta, kwamba yeye aliingizwa katika matengenezo marefu, na alipotoka alikuwa amebadilishwa. Hatimaye alistaafishwa, akafungwa gatini awe makumbusho, watoto wapande na kushuka.

Wewe hukusikia habari ya makumbusho. Ulikuwa umekwama kwenye picha ya nyuma. "Wamemng'oa mzinga wa tezini," ulisema.

Somoe akaeleza kwamba nyambizi za siku hizi huzama mbali zaidi na kwenda kimya zaidi, na sikio la zamani halikutosha tena. Kwa hiyo mahali pa mzinga waliweka mtambo wa kuburuta mkia mrefu majini nyuma ya meli, unaonusa njia nyambizi ilimopita. Ukamrudishia simu. Siku ile hukuchonga tena. Ulikaa tu, gogo mapajani kama mtoto aliyelala. Ilikuwa karibu na magharibi uliposema, si kwangu wala si kwa Somoe: "Kumbe ndiyo maana yeye bado yuko."

Nilikuuliza wiki iliyofuata: tezi tuichonge vipi, kama ulivyomwona ujanani, au kama alivyo sasa? Ukajibu, "Tezi nitaamua." Nilikuuliza tena baada ya mvua. "Tezi nitaamua, Karani, usinibane." Mpingo hausamehe, ukitoa kipande hakirudi. Nikakuacha. Kisha ukaugua, ukalala. Kisha... Naomba radhi. Sentensi hii nimeianza mara kadhaa na haina namna nzuri ya kukamilika.

Sasa nieleze ya mazikoni, maana hukuyaona, na yangekuchekesha.

Tulipokuwa bado na udongo wa kaburi miguuni, Mzee Barnaba alifika kutoka Masasi. Hakutoa pole. Alisimama mlangoni mwako akapaza sauti: "Nimeambiwa Mmakonde aliyekuwa na meli amekufa! Amekufa kwa kiu au kwa kuzama?" Wanawake waliokuwa wakilia wakacheka huku wanalia. Akaingia ndani bila kuvua viatu, akatoka na meli yako kwapani. "Hii nimeiteka. Nyinyi hamna mto, hamna ziwa, hata dimbwi mnasubiri Mungu. Itaelea kwenye nini? Kwenye uji wa arobaini?" Akaondoka nayo. Kwa mila ya utani hakuna aliyeruhusiwa kukasirika, na wala hatukukasirika. Mama yangu alisema baadaye kwamba pale ndipo alipoamini umekufa kweli, maana ungekuwa hai ungemjibu.

Arobaini ilipofika, mikorosho na nyumba viligawanywa na sheikh kwa utaratibu wa dini, na kila mmoja aliridhia. Lakini wazee wa ukoo wakasema vitu vya mkono havigawanywi: vinafuata upande wa mama, kama vilivyofuata tangu zamani. Shoka lako, tindo zako, na kile kijiti cha mpingo ulichokuwa ukikigusisha kwenye pampu na ncha ya pili sikioni, nilikabidhiwa mimi, mtoto wa dada yako. Na meli, wakasema, ni kazi ya mkono. Ikirudi kutoka kwa mtani, ni ya Hamisi, na baada ya Hamisi ni ya mtoto wa dada yake.

Somoe alikuwa amekaa na wanawake.

Mimi nilichukua hatua niliyoiona kuwa sahihi. Nilimwandikia Mzee Barnaba barua rasmi, yenye anwani, yah, aya tatu na hitimisho, nikimwomba kwa heshima airejeshe mali ya marehemu kwa mrithi wake halali. Majibu yalikuja kwa mdomo wa dereva wa bodaboda: "Mwambie Karani barua yake nimeisoma. Ina heshima nyingi kuliko kuku. Alete kuku." Nilikuwa nimesahau kwamba mtani haandikiwi. Watu wa Newala wamelicheka jambo hili mpaka leo, na baadhi ya wateja wangu hunipungia mkono wakisema, "Alete kuku!" Nimelipokea.

Basi nilibeba jogoo nikaenda Masasi. Nilipofika nilimkuta Somoe amekwisha kukaa kwenye mkeka, na yeye ana kuku wake, tetea mweupe, amemfunga miguu. Hatukuwa tumeambizana.

Mzee Barnaba alimtazama jogoo wangu, akamtazama tetea wa Somoe. "Kuku wawili, manahodha wawili," akasema. "Meli hii itazama kabla haijaona maji. Mimi namkabidhi nahodha mmoja. Semeni."

Nilisema nilichokuwa nimekiandaa. Nilieleza mila, upande wa mama, kauli ya wazee. Naamini nilieleza vizuri. Kisha Somoe akasema, bila kuinua sauti:

"Kaka Hamisi, mikorosho nimepata, silalamiki. Shoka ni lako, tindo ni zako, sikugusa. Mimi naomba kitu kimoja alichokuwa amekishika. Mila inasema mimi ni wa ukoo wa mama yangu, sawa. Kwa ukoo wa baba yangu ni mgeni. Lakini hata mgeni hufungiwa kitu cha kuondoka nacho."

Nikamwambia kwamba meli haijakamilika, kwamba tindo ninazo mimi, na kwamba ningependa kuichonga tezi ipate mwisho unaostahili. Hilo ndilo lililomtoa machozi. "Ukiichonga, Kaka, utakuwa umemmaliza. Iache hapo alipoiachia."

Mzee Barnaba alikuwa amefungua mdomo kutania. Akaufunga. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwa mtani: "Baba Somoe alikuwa na sikio. Nendeni mkamuulize yeye. Lakini kabla ya mvua, maana kuku wenu watanilia chakula chote." Akatunyang'anya kuku wote wawili.

Hapo ndipo tulipo.

Mjomba, nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, na naomba kukueleza fikra zangu bila kuficha. Mimi naitaka meli. Naitaka kuliko kitu chochote ulichokuwa nacho. Nilitamani ikae mezani kwangu pale Newala, watu wakija kuandikiwa waione, waulize, na mimi niseme, "Mjomba wangu aliichonga." Na mila iko upande wangu. Ningeweza kuandika hoja ambayo hakuna baraza la wazee lingeipinga.

Lakini nilipoitazama pale kwa Mzee Barnaba, juu ya kabati lake, niliiona kwa jicho jingine. Mbele ni nyeusi, inang'aa, kila dohani mahali pake. Nyuma bado kuna ule ubao mweupe wa nje na kipande cha gome. Ni kama meli inatoka ndani ya mti na haijamaliza kutoka. Nikakumbuka picha ile, na wewe umeishika simu. Ndugu zake Mwerevu walibaki na mizinga yao yote miwili mpaka siku ya kuvunjwa. Yeye alitoa mmoja, akapewa kitu cha kunusia na kusikilizia, akaishi kuwapita wote. Meli si ghala. Ukitaka kuongeza kitu, utoe kingine.

Sidhani ulishindwa kuamua juu ya tezi. Nadhani ulikuwa ukitazama mahali pa mzinga wa ujana wako na kujiuliza kama unaweza kupaacha wazi. Huenda nakosea. Wewe ndiye ujuaye.

Kwa hiyo napendekeza kama ifuatavyo. Meli apewe Somoe, iondoke upande wa mama iende kwa mtoto uliyemzaa, na tezi ibaki na gome lake. Mimi nibaki na kijiti cha pampu. Jana nilikwenda nacho kwenye mitambo ya maji. Fundi kijana aliyepo sasa ni mtu mwema, akaniruhusu. Nilikigusisha pampu kama ulivyokuwa ukifanya, nikaweka sikio. Sikuelewa chochote, Mjomba. Lakini niliisikia sauti ile, nyembamba, inapanda, inapanda. Sikio linanitosha.

Hata hivyo mimi ni mpwa tu. Siwezi kuivunja kauli ya wazee kwa huruma yangu, na Somoe hawezi kupokea kitu ambacho kesho ataambiwa kilikuwa cha kuibwa. Mwenye uwezo wa kukitoa kitu hiki katika upande wa mama ni mwenyewe aliyekichonga. Wazee nimewaeleza. Wamesema, "Aulizwe." Sheikh nimemweleza pia kwa adabu, ameniambia nikuombee dua kwanza, kisha akasema ana safari siku hiyo.

Kesho jioni, baada ya dua, tutakuja kaburini kwako: mimi, Somoe, mama yangu na mjumbe wa wazee. Nitaisoma barua hii kwa sauti, yote, pamoja na sehemu ya kuku. Kisha mama yangu, dada yako, atamimina unga wa mtama kwa mkono wake pembeni mwa kaburi, taratibu, usimame kama kichuguu kidogo chenye ncha, kama walivyoulizwa waliotutangulia. Tutauacha mpaka asubuhi.

Nakuahidi mambo matatu, uamuzi wako uwe wowote. Mama Somoe hatachota maji peke yake. Mtani wako hatapelekewa tena barua. Na tindo zako hazitagusa tezi ile, hata kama meli itakuja kwangu.

Lala salama, Mjomba. Uwanda huu ni mkavu, lakini usiku upepo ukipita kwenye mikorosho unafanya sauti kama ya maji. Nilikuwa sijawahi kuitambua mpaka ulipotuachia ukimya.

Ukikubali meli iende kwa Somoe, acha unga usimame. Ukikataa, uangushe.

Naomba uamuzi wako.

Wako mtiifu,
Hamisi, Karani wako.